Mwamba Ngoma na Ngozi: Fundi Mitambo, Bendi Huru na Suala la Umiliki wa Kazi ya Sanaa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali la kimaadili linalozuka pale ambapo kazi ya sanaa humfikia mpokezi kupitia mikononi mwa mtu ambaye si mtunzi wake. Mfano unaotumiwa ni wa fundi mitambo anayerekodi bendi huru za muziki wa roki nchini Marekani, hususan Steve Albini (1962-2024) wa Chicago. Inadaiwa kwamba uadilifu wa mtu wa namna hii hautokani na kutoacha alama katika kazi, jambo ambalo haliwezekani, bali unatokana na kutoigeuza alama hiyo kuwa hati ya umiliki. Dai hili linahusishwa na hali ya mnukuzi na mkusanyaji katika fasihi ya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsuta mtu aliyepewa jukumu la wengi akalitumia kwa manufaa yake. Hata hivyo, ikitazamwa kwa makini, methali yenyewe haimtuhumu mwamba ngoma moja kwa moja. Inaeleza hali ya kazi. Ngozi haiwambiki bila ya kuvutwa, na mwenye kuivuta hana budi kuivutia upande aliko. Swali la kimaadili linaanzia hapo. Maadamu kila anayeshika kazi ya mwenzake huiachia alama ya mkono wake, alama hiyo inampa haki gani juu ya kazi hiyo?

Nadharia ya fasihi imelishughulikia swali hili zaidi kwa upande wa mtunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi, na mnamo 1969 Michel Foucault akauliza mwandishi ni nani hasa, au ni kazi gani jina lake hufanya katika jamii. Mijadala iliyofuata ilimweka mtunzi upande mmoja na msomaji upande wa pili. Watu wa kati hawakuangaliwa sana: mnukuzi, mhariri, mfasiri, mkusanyaji wa fasihi simulizi. Fundi mitambo wa studio ni mmoja wao. Hali yake inafaa kuchunguzwa kwa sababu studioni mambo mawili ambayo katika fasihi huwa yamefichika yako wazi: sauti inayobadilishwa na pesa zinazogawanywa.

2.0 Fundi mitambo na prodyuza

Katika studio za muziki kuna kazi mbili ambazo msikilizaji wa kawaida huzichanganya. Fundi mitambo huchagua na kutega maikrofoni, huendesha mashine ya kurekodia na husawazisha sauti za ala. Prodyuza ni mtu wa maamuzi: ndiye asemaye ubeti uondolewe, ngoma zipigwe upya au sauti ya mwimbaji ipandishwe. Katika mikataba ya kampuni kubwa za muziki imekuwa desturi, kwa miongo mingi, prodyuza kulipwa ujira na kisha kupewa asilimia ya mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya kila nakala inayouzwa. Mara nyingi asilimia hiyo hukatwa katika fungu la bendi.

Bendi huru ni zile zilizofanya kazi nje ya kampuni hizo. Tangu miaka ya 1980 zilitegemea kampuni ndogondogo kama Touch and Go ya Chicago, ambayo iligawana na bendi faida nusu kwa nusu baada ya kuondoa gharama, mara nyingi bila ya mkataba wa maandishi. Ni katika mazingira hayo ya kuaminiana na ya fedha haba ambamo Albini alikulia kikazi. Alisomea uanahabari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, akaanzisha bendi ya Big Black, na kuanzia 1992 hadi kifo chake akawa mpiga gita na mwimbaji wa bendi ya Shellac. Kazi iliyomlisha, hata hivyo, ilikuwa ya kurekodi. Miongoni mwa albamu alizorekodi ni Surfer Rosa ya Pixies (1988), Rid of Me ya PJ Harvey (1993) na In Utero ya Nirvana (1993). Hizo ni chache zilizovuma. Nyingi kati ya mamia ya kazi zake zilikuwa za bendi ambazo sifa zao hazikuvuka mipaka ya miji yao, bendi za vijana waliojilipia wenyewe siku chache za studio. Mwaka wa 1997 alifungua studio yake, Electrical Audio, ambayo baadhi ya kuta zake zilijengwa kwa matofali ya udongo mbichi kutoka New Mexico.

Albini alikataa kuitwa prodyuza. Kama jina lake lilikuwa halina budi kuonekana jaladani, alipendelea iandikwe tu kwamba albamu ilirekodiwa naye. Tofauti ya vitenzi hivi viwili si ndogo. Kutayarisha kunadai sehemu katika utunzi, ilhali kurekodi kunakiri kwamba kilichorekodiwa kilikuwapo kabla ya fundi kufika.

3.0 Hoja ya ujira

Msimamo huu haukuwa wa maneno pekee. Katika insha yake "The Problem with Music", iliyochapishwa katika jarida la The Baffler mwaka wa 1993, Albini alipiga hesabu ya bendi ya kubuni iliyotia sahihi mkataba wa kampuni kubwa na kuuza nakala 250,000. Katika hesabu hiyo kampuni inapata faida ya dola 710,000, prodyuza anapata dola 90,000, na kila mwanabendi anabaki na dola 4,000 na ushei, huku bendi ikiwa ingali na deni kwa kampuni. Karibu na wakati huohuo, kabla ya kurekodi In Utero, aliwaandikia wanabendi wa Nirvana barua akieleza kwamba angependa kulipwa kama fundi bomba: afanye kazi, alipwe, basi. Mrabaha aliukataa kwa misingi ya kimaadili. Alilipwa dola 100,000 kwa mkupuo mmoja. Albamu hiyo baadaye iliuza mamilioni ya nakala, kwa hivyo alichokikataa hakikuwa kidogo.

Msimamo huu unaweza kuchanganuliwa katika hoja mbili. Ya kwanza ni hoja ya chanzo. Bendi ndiyo iliyotunga nyimbo na kuzipiga, na ni kwa ajili ya bendi msikilizaji anatoa pesa yake. Mrabaha ni malipo ya utunzi, na asiyetunga hana fungu humo. Hoja ya pili, ambayo yamkini ni nzito zaidi, ni ya dhamana. Albamu ikianguka, bendi ndiyo inayobaki na deni na fedheha, na pengine kuvunjika. Fundi amekwisha kulipwa. Katika fikihi iko kanuni ijulikanayo sana na wanavyuoni wa pwani, kwamba faida hufuatana na dhamana: asiyekubali kubeba hasara hastahiki kudai faida. Prodyuza anayepokea ujira wake kwanza na mrabaha baadaye anaikiuka kanuni hii, kwa sababu amejikinga na hasara huku akijiwekea sehemu katika faida.

Mfano wa fundi bomba, hata hivyo, una dosari. Bomba halifasiri maji. Maji yatokayo mferejini ni yaleyale yaliyoingia, ama yakiwa safi au machafu. Je, sauti itokayo studioni ni ileile iliyoingia?

4.0 Alama isiyoepukika

Jibu ni kwamba siyo, wala haiwezi kuwa. Maikrofoni haisikii kama sikio la binadamu. Ikiwekwa karibu na ngozi ya ngoma hunasa kishindo cha fimbo, na ikiwekwa mbali hunasa chumba. Kuchagua mahali pa kuiweka ni kuchagua ngoma hiyo itasikika vipi na watu ambao hawatafika kamwe chumbani humo. Albini mwenyewe alikuwa na chaguo zake. Alipendelea bendi ipige kwa pamoja kama ipigavyo jukwaani. Mbali na maikrofoni za karibu alitega nyingine pembeni mwa chumba, na mara kwa mara aliichelewesha sauti ya hizo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde ili chumba kisikike kipana zaidi. Sauti ya mwimbaji aghalabu aliiacha katikati ya magita badala ya kuipandisha juu yake, hivi kwamba msikilizaji hulazimika kuinamisha sikio.

Chaguo hizi zikikusanywa pamoja huwa mtindo. Msikilizaji mzoefu huzitambua ngoma zilizorekodiwa na Albini kama mhakiki atambuavyo mkono wa mshairi hata pasipo jina. Hapa ndipo kitendawili kinapozuka. Mtu aliyekataa kuwa mtunzi aligeuzwa na hadhira kuwa mtunzi wa namna fulani. Jina lake likaanza kufanya ile kazi ambayo Foucault aliieleza, yaani kuziunganisha kazi mbalimbali na kuzipa thamani. Zipo bendi zilizomwendea kwa kuitaka sauti hiyo hasa. Katika Surfer Rosa mambo ni wazi zaidi, kwani baina ya nyimbo yameachwa mazungumzo ya studioni. Msikilizaji anakumbushwa kwamba mle chumbani mlikuwa na watu, na kwamba mmoja wao alikuwa amekaa akisikiliza kwa niaba ya wengine wote.

Kutokana na haya, dai kwamba fundi mwadilifu ni yule asiyeonekana haliwezi kusimama. Fundi asiyeonekana ni yule tu ambaye alama yake imefanana na mazoea ya wakati wake kiasi cha kutotambulika. Anaivuta ngozi sawa na wenzake, ila anaivuta kule ambako wote wanavuta.

Ni muhimu basi kutenganisha dhana mbili ambazo mjadala huu huzichanganya: athari na milki. Athari ni jambo la hakika. Ama ipo au haipo, na katika kazi ya kati huwapo daima. Milki ni jambo la haki, nayo hutolewa kwa makubaliano na kwa dhamana. Kosa la mfumo wa mrabaha wa prodyuza, kwa mujibu wa mtazamo huu, ni kuichukua athari na kuifanya ithibati ya milki: kwa kuwa mkono wangu umo, basi na fungu langu limo. Thamani ya msimamo wa Albini ni kwamba unaikubali sehemu ya kwanza ya usemi huo na kuikataa ya pili. Aliyewamba ngoma ameiachia ngozi mvuto wake, lakini ngoma ni ya mwenyewe.

5.0 Pingamizi

Mtu anaweza kupinga kwamba historia ya muziki imejaa mafundi na maprodyuza waliotunga kweli. George Martin aliwaandikia The Beatles mpangilio wa vinanda vya nyuzi katika wimbo "Yesterday" (1965), na wimbo huo hauwezi kufikirika bila ya vinanda hivyo. Huko Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1970, King Tubby alizichukua kanda za nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akaziondoa sauti za waimbaji hapa na pale, akatia mwangwi na kuipa nafasi ngoma na besi. Kilichopatikana, yaani dabu, kilikuwa utanzu mpya. Je, watu hawa nao wanyimwe haki kwa jina la unyenyekevu?

Pingamizi hili lina nguvu, lakini halibomoi hoja, ila linaifafanua. Dabu haikujificha nyuma ya wimbo wa awali. Mara nyingi ilitolewa kwa jina lake yenyewe, upande wa pili wa santuri, na fundi akatambuliwa kuwa ndiye aliyeifanya. Vinanda vya Martin navyo viliingia kwa kushauriana na mtunzi. Kinacholaumiwa si ubunifu wa fundi. Kinacholaumiwa ni ubunifu usioalikwa, unaofanywa juu ya kazi ya mtu aliye dhaifu kimkataba, kisha ukadaiwa malipo na mtu huyohuyo. Penye utunzi wa pamoja na utajwe kuwa wa pamoja. Pasipokuwa nao, ujira unatosha.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Fundi asemaye kwamba kazi ni ya bendi anaweza kuutumia usemi huo kukwepa wajibu. Albini alijizuia kutoa maoni kuhusu ubora wa nyimbo alizorekodi, na alimrekodi karibu kila aliyemwendea. Je, mkono usiodai milki unaweza pia kudai kwamba hauna dhambi? Maisha yake mwenyewe yanalifanya swali hili lisiwe la nadharia tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliongoza bendi iliyobeba jina lenye kutaja ubakaji, na maandishi yake ya wakati huo yalijaa kejeli dhidi ya watu waliokuwa tayari wanadhulumiwa. Katika miaka yake ya mwisho, hususan kuanzia 2021, alikiri hadharani kwamba alikosea, na kwamba ilikuwa rahisi kwake kufanya mzaha huo kwa kuwa madhara yake hayakumfikia yeye. Inabainika kuwa uadilifu wa kazi na uadilifu wa kauli ni mambo mawili, na kwamba mtu anaweza kuwa mwangalifu mno kwa sauti ya mwenzake huku akiwa mzembe kwa sauti yake mwenyewe. Kutodai milki kunamwondolea fundi haki ya kuihukumu kazi ya bendi akiwa kazini. Hakumwondolei wajibu alio nao kama mtu.

6.0 Neno la mwisho ni la nani?

Kanuni hupimwa pale inapomuumiza anayeishikilia. Baada ya In Utero kurekodiwa kwa muda wa takriban wiki mbili, mwezi wa Februari 1993, katika studio ya Pachyderm huko Minnesota, habari zilienea magazetini kwamba kampuni haikuridhika na sauti yake. Wanabendi nao wakaanza kuwa na shaka, hasa juu ya besi na sauti ya mwimbaji. Hatimaye albamu nzima ilisawazishwa upya katika hatua ya mwisho, na nyimbo mbili, "Heart-Shaped Box" na "All Apologies", zikachanganywa tena na Scott Litt. Albini hakupendezwa. Mwanzoni alisita kuziachilia kanda, akishikilia kwamba palikuwa na maelewano kuwa kazi haitaguswa bila yeye. Aliziachilia baada ya kuzungumza na mmoja wa wanabendi.

Kisa hiki kinaweza kusomwa kama kushindwa kwa fundi mbele ya kampuni. Usomaji huo ni wa haraka. Ikiwa kazi ni ya bendi, basi ni ya bendi hata pale bendi inapoogopa au inapokosea. Kule kusita kwa Albini kulikuwa ndiko kuivuta ngozi kwake: kwa kitambo alizishika kanda kama mwenye mali. Kuziachilia kulimrudisha katika kanuni yake. Tukio hili linaonyesha kwamba kanuni hiyo si tabia ambayo mtu huzaliwa nayo. Ni jambo la kuchaguliwa upya kila mara, na huchaguliwa kwa uchungu pale fundi anapoamini, pengine kwa haki, kwamba sikio lake ni bora kuliko la mwenye kazi. Mnamo 2013, albamu ilipotolewa tena baada ya miaka ishirini, michanganyiko ya awali ya Albini ya nyimbo hizo mbili ilichapishwa pamoja na mchanganyiko mpya alioufanya mwaka huo. Kusikika huko kuliwezekana kwa sababu kanda zilikuwa zimehifadhiwa. Katika maisha yake yote fundi huyu alishikilia kurekodi kwa kanda ya sumaku, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba aliiamini kudumu kwake: kazi iweze kuchezwa tena baada ya miongo, hata bendi ikiwa imekwisha vunjika. Nao huo ni wajibu kwa mwenye kazi.

7.0 Mnukuzi, mkusanyaji na mwenye kazi

Suala hili halihusu magita pekee. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yamewafikia wasomaji wa leo kupitia mikono kadhaa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah alisaidia kuyakusanya na kuyafafanua, William Taylor akayaandika katika karne iliyotangulia iliyopita, na William Hichens akayachapisha kama diwani mnamo 1940, miaka mia moja hivi baada ya kufa kwa mshairi. Katika kila hatua palikuwa na uteuzi: shairi lipi lihifadhiwe, neno lisomeke vipi katika hati za Kiarabu, ubeti uanzie wapi. Athari ya watu hawa ni kubwa kiasi kwamba Muyaka anayejulikana leo ni Muyaka waliyemnasa wao. Hata hivyo diwani ni ya Muyaka, na hakuna msomaji anayedhani vinginevyo. Wanukuzi wa hati za zamani nao waliifahamu tofauti hii vyema. Walizoea kutia majina yao mwishoni, pamoja na kuomba radhi kwa makosa yao, bila ya kujitangaza kuwa watunzi.

Hali ni ngumu zaidi kwa mkusanyaji wa fasihi simulizi anayekwenda kijijini na kinasa sauti. Yeye naye hutega maikrofoni. Akimrekodi mtambaji peke yake chumbani, pasipo wale ambao humwitikia, ameshaifasiri hadithi kabla ya kuandika neno. Baadaye kitabu hutoka na jina la mkusanyaji jaladani, na mtambaji, akibahatika, hutajwa katika shukrani. Mrabaha hauulizwi. Kwa kipimo kilichoelezwa hapo juu, mkusanyaji wa namna hiyo amefanya kile ambacho prodyuza hulaumiwa kwacho: ameichukua athari yake kuwa milki, tena bila ya kubeba dhamana yoyote. Kwamba nia yake ilikuwa kuhifadhi urithi hakubadilishi hesabu. Maprodyuza nao husema walitaka kuisaidia bendi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba swali la kama mtu wa kati anaweza kutoonekana ni swali lisilo na tija, kwani jibu lake ni hapana. Maswali yenye uzito ni matatu: je, alama yake imekubaliwa na mwenye kazi? Je, malipo yake yanalingana na dhamana aliyoibeba? Na panapotokea mgongano, ni nani mwenye neno la mwisho? Fundi mitambo wa Chicago aliyajibu maswali haya kwa uwazi ambao ni nadra kuonekana miongoni mwa wahariri, wafasiri na wakusanyaji, na aliyajibu kwa pesa zake mwenyewe. Majibu yake hayakumfanya kuwa mtu asiye na lawama, wala hayakumwokoa na kishawishi cha kuishika kazi ya wengine kama yake.

Ipo haja ya kuyapeleka maswali hayohayo kwa kazi zilizokwisha kuchapishwa katika uwanja wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki: kuangalia majina gani yako jaladani, majina gani yako ndani, na yapi hayapo kabisa. Uchunguzi wa aina hiyo utawagusa watafiti wenyewe, na huenda ndiyo sababu haujafanywa kwa kina. Kanda nyingi zingali kwenye rafu za vyuo. Wajukuu wa watambaji waliorekodiwa humo bado wako hai.